Seti Mbili za Fimbo za Chuma za Gofu: Namna ya Kuamua Uondoke na Ipi

Ukishapunguza orodha ya fimbo za gofu unazotaka kununua hadi zikabaki seti mbili, mtego wa kwanza ni kushika namba 7 ya seti hii, kisha namba 7 ya seti ile, na kuchukua iliyopeleka mpira mbali. Jaribio hilo linapima namba iliyochongwa kwenye soli (upande wa chini wa kichwa cha fimbo) tu, na namba hiyo haina kanuni nyuma yake. Hakuna anayemlazimisha mtengenezaji kuiita fimbo ya nyuzi 34 namba 7. Mmoja anaiita 7, mwingine anaiita 8, na huyo wa pili ndiye anayeonekana kuuza fimbo "inayopiga mbali".

Kwa hiyo kabla hujapiga mpira hata mmoja, tafuta jedwali la vipimo la kila seti. Watengenezaji karibu wote huliweka kwenye tovuti zao, hata kwa seti za miaka ya nyuma.

Linganisha lofti, usilinganishe namba

Lofti ni jinsi uso wa fimbo ulivyolala nyuma ukilinganisha na mstari wa wima. Andika lofti za seti zote mbili bega kwa bega. Chukua mfano wa seti yenye vichwa vikubwa, iliyokusudiwa kumsaidia mchezaji wa kawaida. Kuanzia namba 5 hadi pitching weji (fimbo fupi inayofuata namba 9) inaweza kusomeka hivi: 21.5, 25, 28.5, 33, 38, 43. Seti ya pili, yenye mpangilio wa kizamani kidogo, inasomeka 27, 30.5, 34, 38, 42, 46.

Sasa mambo yanajitokeza. Namba 7 ya seti ya kwanza iko kati ya namba 5 na namba 6 ya seti ya pili, kwa hiyo haishangazi kwamba inaiacha namba 7 ya seti ya pili mita kumi na zaidi nyuma. Mshindani wa haki wa namba 7 ya seti ya pili ni namba 8 ya seti ya kwanza, yaani nyuzi 33 dhidi ya 34. Hizo ndizo fimbo mbili za kupiga siku ya majaribio. Angalia na urefu pia: fimbo zenye lofti kali (yaani nyuzi chache) mara nyingi zina mpini uliozidi kwa robo hadi nusu inchi, na mpini mrefu huongeza kasi lakini hufanya iwe vigumu kuugonga mpira katikati ya uso.

Kisha tazama mapengo ndani ya seti yenyewe. Seti ya kwanza ina nyuzi 3.5 tu kati ya fimbo ndefu, halafu 5 kati ya fimbo fupi. Mchezaji mwenye kasi ndogo ya bembeo (mwendo wa kuzungusha fimbo) akipiga namba 5 na namba 6 za seti hiyo, mara nyingi mipira huangukia karibu mahali pamoja, na fimbo moja inabaki mfukoni kama pambo. Upande wa chini, pengo la nyuzi 5 linaweza kuzaa tofauti ya mita kumi na nne au zaidi, na huko ndiko unakohitaji umbali sahihi kabisa.

Suala la weji lina hesabu yake. Ukiwa na sandi weji (weji ya kutolea mpira mchangani) ya nyuzi 56, seti ya kwanza inakuachia nyuzi 13 kati ya pitching weji na hiyo sandi. Hapo unahitaji weji mbili za kuziba pengo, tuseme 47 na 52. Seti ya pili inaacha nyuzi 10, na weji moja ya 51 inatosha. Kanuni zinakuruhusu fimbo 14 tu kwenye mfuko, kwa hiyo seti ya kwanza inakula nafasi moja zaidi. Nafasi hiyo utaitoa wapi? Kwa wengi jibu ni namba 5, ambayo hata hivyo walikuwa wanaiogopa. Lakini jibu hilo lipatikane kabla ya kulipia fimbo hiyo.

Kichwa: msaada unaupata wapi, na unalipia nini

Fimbo yenye mgongo uliochimbwa inapeleka uzito pembezoni mwa kichwa, kwenye ncha na kwenye kisigino. Mpira ukigongwa nje ya katikati, kichwa hakigeuki sana mkononi, na umbali haupotei wote. Wazo hilo lilienezwa zaidi na mhandisi Karsten Solheim, mwanzilishi wa kampuni ya fimbo ya PING, na leo limo katika karibu kila seti inayouzwa kwa wachezaji wa kawaida. Bleidi, yaani fimbo yenye mgongo bapa, uzito wake umejikusanya nyuma ya katikati. Ukipiga katikati unapata hisia safi na umbali usiobadilikabadilika. Ukipiga sentimita moja na nusu kuelekea ncha, unaadhibiwa papo hapo.

Kati ya hizo mbili kuna fimbo zenye mwili mtupu ndani na uso mwembamba unaobonyea na kurudi. Zinapiga mbali, hilo halina ubishi. Tatizo lake ni kwamba baadhi ya mipigo inaruka kupita kiasi bila kutoa taarifa, na spini ndogo (mzunguko wa mpira hewani) inafanya mpira usishike grini, yaani eneo la nyasi fupi lenye shimo. Katika rafu, yaani nyasi ndefu, shida inazidi, kwa sababu nyasi zikiingia kati ya uso na mpira msuguano unapungua na mpira unaondoka kama umepakwa mafuta.

Ofseti nayo itazamwe. Ni kiasi ambacho ukingo wa mbele wa uso umerudi nyuma ya mstari wa shingo. Ofseti kubwa inakupa muda zaidi wa kuufunga uso, kwa hiyo inamsaidia anayepiga slaisi, yaani mpira unaopinda kulia. Mtu ambaye mipira yake tayari inapinda kushoto (tunamzungumzia mchezaji wa mkono wa kulia hapa na kwingineko) ataiona seti hiyo ikimzidishia ugonjwa.

Ili kujua kichwa kipi kinakufaa, puliza poda ya miguu ya kopo kwenye uso wa fimbo, tabaka jembamba tu, kisha piga mipira kumi. Kila mpira utaacha doa. Madoa yakikaa ndani ya eneo la ukubwa wa sarafu, huna sababu ya kubeba kichwa kikubwa. Yakiwa yametapakaa kutoka kisigino hadi ncha, chukua kichwa kikubwa bila aibu. Yakiwa yote upande mmoja, mathalani yote kuelekea kisigino, tatizo huenda si kichwa bali urefu wa mpini au lai. Soma mbele kabla hujaamua.

Siku ya majaribio

Mipini ya seti zote mbili ifanane kadiri inavyowezekana. Ukijaribu seti moja yenye grafaiti ya gramu 65 na nyingine yenye chuma ya gramu 120, unachokilinganisha ni mipini, na vichwa hutakuwa umejifunza lolote kuvihusu. Muuzaji makini anaweza kubadilisha mipini kwa vichwa vya majaribio ndani ya dakika moja, mwombe.

Nenda na mipira unayoitumia uwanjani. Mipira ya mazoezi imechakaa, haifanani, na namba za spini inazotoa haziaminiki. Nenda pia na fimbo yako ya sasa, uipige kwanza mipira kumi na tano hivi. Hiyo inakupasha mwili na inakupa kipimo cha kuanzia, maana seti mpya isiyoishinda ya zamani kwa lolote haina sababu ya kununuliwa.

Halafu piga mipira mitano ya seti ya kwanza, mitano ya seti ya pili, ukibadilishana hivyo mpaka kila moja ifikishe ishirini. Usimalize ishirini ya seti moja ndipo uanze nyingine. Ya kwanza itapigwa mwili ukiwa bado mzito, au ya pili itapigwa mikono ikiwa imechoka, na tofauti utakayoiona itakuwa yako, si ya fimbo.

Mashine ya kupima mipigo ikiwepo, andika vitu vinne: umbali wa hewani (tangu mpira unagongwa hadi unapogusa ardhi), upotevu wa kulia au kushoto, spini, na pembe ya kutua. Usifute mipigo mibaya. Wauzaji hupenda kuifuta ili wastani upendeze, lakini mipigo hiyo ndiyo utakayoipiga Jumamosi. Ondoa tu ule mpira uliogongwa utosini ukabingirika mita ishirini, kwa sababu hakuna seti duniani ya kuuokoa.

Tuseme mipira mitano ya mwisho imesomeka hivi kwa umbali wa hewani. Seti ya kwanza, namba 8 ya nyuzi 33: mita 135, 141, 127, 143, 124. Seti ya pili, namba 7 ya nyuzi 34: mita 133, 136, 130, 137, 129. Wastani wa kwanza ni 134, wa pili 133. Anayetazama wastani atasema hazina tofauti. Sasa weka banka (shimo la mchanga) mbele ya grini, ambayo mpira lazima uruke mita 128 ili kuipita. Seti ya kwanza imezamisha mipira miwili kati ya mitano. Seti ya pili haijazamisha hata mmoja. Na ile mipira ya 141 na 143, ambayo kwenye skrini ilikufurahisha, huenda imepita nyuma ya grini kabisa.

Kwa mtu mwingine jedwali hilo hilo litageuka. Anayegonga mpira kila mahali usoni ataona kichwa kikubwa kikimpa 128 hadi 136, na kile kidogo kikimpa 112 hadi 138. Ndiyo maana ushauri wa rafiki mwenye handikapu 5 (namba ikiwa ndogo, mchezaji ni bora zaidi) hauna uzito kwako mwenye 22, hata kama ni wa nia njema.

Pembe ya kutua ni kipimo ambacho wengi hukiruka, na si haki. Mpira unaoshuka kwa nyuzi 45 au zaidi una nafasi nzuri ya kutulia kwenye grini. Ukishuka kwa nyuzi 38 utaendelea kubingirika. Spini ya namba 7 kwa kawaida huwa karibu na mizunguko 6,000 hadi 7,000 kwa dakika. Ikishuka chini ya 5,000 na pembe ya kutua nayo ikawa ndogo, umbali mkubwa uliouona ni wa kubandika ukutani tu.

Ukimaliza hapo, piga na fimbo ndefu zaidi unayokusudia kuinunua, mipira kumi kwa kila seti, halafu pitching weji. Weji usiipige kwa nguvu zote tu. Piga na ile nusu bembeo ya mita 50 hadi 60. Weji ya nyuzi 43 kwa mpigo huo hutoka chini na kubingirika sana, na wengine huigundua tabia hiyo wakati risiti imeshapotea. Fimbo ndefu isipoinuka vya kutosha, anza seti na namba 6, na nafasi ya juu yake ujazie haibridi, yaani fimbo yenye kichwa kinene inayoinua mpira kwa urahisi.

Tahadhari moja kuhusu mkeka wa kupigia mazoezi. Ukipiga ardhi sentimita tatu nyuma ya mpira, soli inateleza juu ya mkeka na kuufikia mpira kana kwamba hakuna kilichotokea. Kwenye nyasi mpigo huo ungefia nusu njia. Mkeka kwa hiyo huficha kosa, na huficha zaidi kwa fimbo yenye soli pana. Ukipata nafasi ya kujaribu kwenye nyasi, hata mipira kumi, ichukue.

Mpini

Herufi ya ugumu iliyoandikwa kwenye mpini, R, S au X, haina kipimo cha pamoja. R ya kampuni moja inaweza kuwa ngumu kama S ya nyingine. Ichukue kama dokezo, kisha angalia uzito, ambao ni gramu halisi. Mipini ya chuma ya fimbo hizi mara nyingi ni kati ya gramu 95 na 130. Ya grafaiti mara nyingi ni kati ya 50 na 90. Mpini mwepesi kupita kiasi hufanya bembeo iwe ya haraka na mipira itawanyike pande zote mbili. Mzito kupita kiasi utaugundua baada ya shimo la kumi na mbili, pale mipira inapoanza kupotelea kulia na kuanguka fupi. Ndiyo sababu mpini mzito usihukumiwe kwa mipira mitano ya kwanza. Mwenye maumivu ya kiwiko au vifundo vya mkono aanzie kwenye grafaiti, bila kujali umri.

Kishikio kibadilishwe kama hakikutoshi, kwa kuwa ni kazi ndogo. Shika fimbo kwa mkono wa kushoto: ncha za vidole vya kati na vya pete ziguse kiganja kidogo tu. Zikizama kiganjani kishikio ni chembamba. Zisipofika ni kinene.

Lai, kipimo kinachopuuzwa

Lai ni pembe kati ya mpini na ardhi soli ikiwa imelala sawasawa. Kwa namba 7 kawaida huwa kati ya nyuzi 61 na 63. Isipokufaa, uso unaelekea kwingine hata kama umebembea vizuri: kisigino kikining'inia na ncha ikichimba, mpira unaenda kulia, ncha ikiwa juu, unaenda kushoto. Kosa hili hukua kadiri lofti inavyoongezeka, kwa hiyo weji huumia kuliko namba 5.

Kupima hakuhitaji mashine. Chora mstari mnene kwenye mpira kwa kalamu ya ubao mweupe, uweke mpira chini mstari ukiwa wima na umeelekea uso wa fimbo, kisha piga. Wino utahamia usoni. Geuza fimbo uitazame mifereji ikiwa mlalo. Mstari ukisimama wima juu ya mifereji, lai ni yako. Kichwa cha mstari kikiinamia upande wa ncha, fimbo imesimama mno. Kikiinamia kisigino, imelala mno. Rudia mara tano, kwa sababu mpigo mmoja hudanganya, na ufute uso kila baada ya mpigo.

Hapa ndipo aina ya chuma inapoingia katika uamuzi. Kichwa kilichofuliwa kwa chuma laini cha kaboni, kama 1020 au 1025, fundi anaweza kukipinda nyuzi 2 bila wasiwasi. Kilichomiminwa kwa chuma kigumu kisichoshika kutu, kama 17-4, kinabisha, na kikilazimishwa kinaweza kukatika shingoni. Kwa hiyo kama unahitaji nyuzi 2 za marekebisho na seti moja haipindiki, agiza lai hiyo moja kwa moja kutoka kiwandani, au chukua nyingine. Ukipinda lofti ujue unagusa na baunsi, yaani pembe ya soli inayoizuia fimbo isizame ardhini: kila nyuzi moja ya kukaza lofti (kuipunguza) inaondoa nyuzi moja ya baunsi, na ofseti nayo inaongezeka kidogo.

Soli

Anayekata kipande kirefu na kizito cha nyasi, au anayecheza kwenye ardhi laini, apendelee soli pana yenye baunsi zaidi ili fimbo isizame. Anayefagia mpira juujuu kwenye ardhi ngumu apendelee nyembamba, maana soli pana itadunda na kuugonga mpira tumboni.

Seti moja ikiwa imetumika

Anza na fimbo fupi. Namba 8, namba 9 na weji ndizo huchakaa kwanza, wakati namba 4 inaweza kuwa bado inang'aa. Pitisha ukucha kwenye mifereji katikati ya uso: ukikwama kidogo ni nzuri, ukiteleza mifereji imekwisha. Tazama pete nyeusi ya plastiki kwenye shingo. Ikiwa imepanda juu na kuacha mwanya, gundi inaachia au kichwa kilishawahi kutolewa. Shika mpini, gonga kichwa kwenye kiganja usikilize mlio wa kitu kilicholegea. Kagua mpini wote kwa jicho moja kama unavyotazama ubao ulionyooka, na tafuta vidoa vya kutu vilivyochimba, hasa karibu na kishikio.

Seti ya PING ina nukta ya rangi kichwani inayoonyesha lai. Nyeusi ndiyo ya kawaida. Bluu, kijani na nyeupe zimesimama zaidi. Nyekundu na chungwa zimelala zaidi. Aliyekuwa na seti hiyo kabla yako pengine alikuwa mrefu kukuzidi kwa sentimita ishirini, na nukta itakuambia.

Kama fimbo zilitengenezwa kabla ya 2010, jua kwamba R&A na USGA, vyombo vinavyosimamia kanuni za gofu, walibadilisha kanuni ya mifereji kuanzia mwaka huo. Mashindano yanayotumia sharti hilo hayatazikubali zile zenye kingo kali. Kwa michezo ya kawaida ya klabu, muulize msimamizi kabla ya kununua.

Ukishindwa kuchagua, changanya

Si lazima upoteze mojawapo. Seti ya vichwa vikubwa inaweza kutoa fimbo ndefu, na ile ya vichwa vidogo ikatoa fupi. Kazi iko kwenye kiungo. Ukichukua namba 6 ya nyuzi 25 kutoka kwa mfano wetu wa kwanza na kuifuatishia namba 7 ya nyuzi 34 ya mfano wa pili, umejitengenezea shimo la nyuzi 9. Fuatisha lofti badala ya namba: 25 kutoka seti ya kwanza, halafu namba 6 ya seti ya pili yenye 30.5. Pengo la 5.5 bado ni kubwa kidogo, lakini kulegeza fimbo ndefu kwa kuiongezea nyuzi moja na kukaza ile fupi nusu kunalileta kwenye 4. Utakuwa na fimbo mbili zenye namba 6 mfukoni, bandika stika. Mipini ya sehemu zote mbili iwe ya uzito unaokaribiana, vinginevyo utahisi umebadilisha mchezo kila unapovuka kiungo.

Seti yoyote utakayoichukua, mpya au iliyotumika, ipitishe kwa fundi apime lofti na lai ya kila fimbo kabla hujaanza kuizoea. Tofauti ya nyuzi moja kati ya jedwali na fimbo halisi si ajabu hata kwa seti iliyotoka kwenye boksi, na fimbo mbili jirani zikikosea kuelekeana, pengo lako la nyuzi 4 limekuwa 2. Vichwa vya chuma laini vipimwe tena kila mwaka ikiwa unapiga sana kwenye mikeka, kwa sababu kugonga sakafu ngumu mara kwa mara huipinda shingo kidogo kidogo.